Kukagua Daftari Kabla ya Kulitia Katika Mashine

Miongoni mwa mambo yaliyoingia majumbani mwetu katika miaka hii ni kuandika hesabu za nyumba katika kompyuta na simu. Zamani daftari la nyumba lilikuwa ni lile lenye jalada gumu, likaalo ndani ya kasha au chini ya mto, na mwenye nyumba akiliandika kwa wino, mara nyingine kwa herufi za Kiarabu. Leo vijana wetu huandika hesabu hizo katika majedwali ya Excel, kisha wakazihamishia katika programu za hesabu ya nyumba, kama hiyo GnuCash ambayo hutolewa bure, na kwa kufumba na kufumbua wakapata jumla ya mapato na matumizi ya mwaka mzima. Sisi hatuna ugomvi na jambo hili. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni ya 282 katika Suratul Baqara, si aya ya vita wala ya talaka. Ni aya ya kuandika madeni. Na Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, alipotunga kitabu chake cha al-jabr huko Baghdad katika karne ya 9 ya Miladi, sehemu kubwa ya kitabu hicho aliifanya ya masuala ya wasia na mirathi. Basi asituambie mtu kuwa hesabu ni kazi ya mabenki, na fungu la wanavyuoni ni tohara na swala tu.

Tunalotaka kulisema mwezi huu ni juu ya ile hatua ya katikati, yaani kuzitoa hesabu katika jedwali na kuzitia katika programu. Watu wengi huipita hatua hii mbio, kwa kudhani kuwa mashine haikosei. Ni kweli kwamba mashine haikosei katika kujumlisha. Lakini mashine haijui maana ya kile inachojumlisha. Karani wa zamani, lau ungalimpa daftari lenye kodi kumi na mbili za nyumba moja, zote zimelipwa katika mwezi wa Mei, angalivua miwani akakuuliza, "Bwana, ni mpangaji gani huyu?" Mashine haivui miwani. Huzipokea kodi kumi na mbili za Mei, ikazipanga vizuri, ikakuchorea na picha yake.

Wala mfano huu hatukuutoa hewani. Kimetufikia kisa cha jamaa wa hapa pwani, na tumeruhusiwa kukitaja pasina majina. Mtu mmoja alifariki akaacha mke, mtoto wa kiume na mtoto wa kike. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Akaacha na nyumba moja ya kupangisha, kodi yake Sh. 18,000 kwa mwezi, nayo hulipwa tarehe 5. Ndugu wa marehemu ndiye aliyekuwa akizipokea kodi hizo kwa niaba ya mjane na mayatima, na akiandika kila kitu katika daftari kwa mkono wake. Kijana alipobaleghe na akili yake ikaonekana kuwa ni ya kuendesha mali, ikakubaliwa kuwa ami yake atoe hesabu ya mwaka 2024 mpaka mwisho wa Aprili, kisha kijana ashike mwenyewe. Jirani mmoja mwenye kompyuta akajitolea kuliandika daftari la mwaka mzima katika jedwali na kulitia katika programu, ili hesabu ipatikane safi na kila mtu apewe nakala yake.

Hesabu ikatoka safi. Ikasema kuwa toka Januari mpaka mwisho wa Aprili haikuingia kodi hata shilingi moja.

Wasomaji wetu wanajua mambo ya familia; hatuna haja ya kuelezea yaliyosemwa barazani usiku ule na yasiyosemwa. Kijana alitazama karatasi, akamtazama ami yake. Mjane akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito kuliko maneno. Ami akaapa kuwa amepokea kodi zote nne na zote amezitumia katika haja zao, na daftari lipo. Lakini karatasi ya mashine ilikuwa imechapwa, na daftari la mkono limekunjamana na lina madoa ya kahawa. Watu wakaelekea kuisadiki ile iliyochapwa.

Kumbe kompyuta ya yule jirani ilikuwa imepangwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia na siku hufuata. Ami aliandika 05/01/2024, yaani tarehe 5 Januari. Mashine ikasoma Mei mosi. Akaandika 05/02/2024, ikasoma tarehe 2 Mei. Ikaendelea hivyo hivyo mpaka 05/12/2024, ikasoma tarehe 12 Mei. Kodi zote kumi na mbili za mwaka zikarundikana katika siku kumi na mbili za mwezi mmoja, na Januari mpaka Aprili ikabaki kavu. Ama matengenezo ya nyumba, aliyoyalipa tarehe 18 Februari, yaliandikwa 18/02/2024. Na kwa kuwa hapana mwezi wa 18 duniani, mashine ikayaona kuwa ni maandishi tu, si tarehe, na programu ikaukataa mstari ule isiutie kabisa.

Tazameni sasa jambo la hatari. Jumla ya kodi za mwaka ilikuwa sahihi mpaka shilingi ya mwisho: Sh. 216,000. Mtu anayekagua jumla peke yake angalisema hesabu ni sawa, akenda zake. Lakini haki iliyotakiwa siku ile haikuwa ya mwaka, ilikuwa ya miezi minne: Sh. 72,000, kabla ya kutoa gharama za nyumba. Katika hizo mjane ana thumuni yake, Sh. 9,000, zinazobaki ni Sh. 63,000, kijana apate 42,000 na dada yake 21,000. Na ami, kwa kuwa yuko mtoto wa kiume, hana fungu. Karatasi ya mashine iliwafanya watu watatu kuwa hawana kitu, na mtu wa nne kuwa mla mali ya yatima, dhambi ambayo aya ya 10 ya Suratun Nisaa imeitolea onyo ambalo hakuna mlezi asiyelijua.

Basi la kwanza tunalowashauri wasomaji ni tarehe. Andikeni mwaka mbele, kisha mwezi, kisha siku: 2024-01-05. Mpangilio huu hauwezi kusomwa namna mbili, na ndio unaotumika katika taarifa za M-Pesa za hapa Kenya. Kisha panga mistari yote kwa tarehe, uitazame kwa macho. Je, kila mwezi umepata mistari yake? Je, uko mwezi uliofurika na mwingine uliokauka? Na iko alama moja ya bure ambayo wengi hawaijui: katika Excel, tarehe na nambari ambazo mashine imezifahamu huegemea upande wa kulia wa kisanduku, na zile ilizozichukua kama maandishi huegemea kushoto, maadamu hakuna mtu aliyezisogeza kwa mkono. Ukiona safu moja ya tarehe, nyingine ziko kulia na nyingine kushoto, jua kuwa nusu ya daftari lako iko njiani kupotea, na hiyo nusu iliyokaa kulia huenda ndiyo mbovu zaidi.

Asidhani mtu kuwa haya huwapata wasiosoma tu. Wataalamu wa elimu ya urithi wa viumbe walisumbuka kwa miaka mingi, kwa kuwa baadhi ya vinasaba vilipewa majina ya mkato yanayofanana na majina ya miezi ya Kiingereza, na Excel ikiyageuza kuwa tarehe kila yanapoandikwa. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina hayo iliamua kuyabadilisha majina yenyewe. Twaona ni ajabu kidogo, wenye elimu kumpisha njia karani wao; lakini pengine ndiyo hekima.

Ama nambari, adui yake hapa kwetu ni mazoea yetu ya kuandika. Tumezoea kuandika 18,000/= , na wengine hutanguliza Sh. mbele. Jicho la mtu hufahamu. Mashine ikikuta alama ile ya mwisho huona neno, na kanuni ya kujumlisha ikipita juu ya neno huliruka kimya kimya, haisemi kitu. Koma nayo ina fitina yake. Faili linalotumika sana katika kuhamisha hesabu ni lile la CSV, ambalo ndani yake koma ndiyo ukuta baina ya safu na safu. Nambari 18,000 ikiingia humo bila ya kufungiwa ndani ya alama za kunukuu, ukuta unajengwa katikati yake: 18 ikaenda safu hii na 000 safu ya pili, na kodi ya nyumba ikawa shilingi kumi na nane. Dawa ni kuandika 18000 tupu, pasina koma wala Sh. wala mkia. Na kwa wale wenye jamaa Ujerumani wanaowatumia hesabu, wakumbuke kuwa huko nukta hutenga maelfu na koma hutenga senti, kinyume cha kwetu, 1.250 ya huko ni elfu moja mia mbili na hamsini.

Nambari za simu na za akiba benki si za kujumlishwa, basi ziwekwe kama maandishi toka mwanzo. Ukiacha Excel ijiamulie, sifuri ya mbele ya 07 itaanguka, na nambari yenye tarakimu 16 itabadilishwa ile ya mwisho kuwa sifuri, kwa sababu Excel hushika tarakimu 15 tu.

Sasa tuje kwenye taarifa za M-Pesa, maana toka huduma hiyo ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, nyumba nyingi hazina daftari jingine ila hilo. Mtu huchukua taarifa yake ya mwaka, akaigeuza jedwali, akaitia katika programu. Humo yamo mambo matatu ya kuangaliwa sana.

Kila muamala una nambari yake ya risiti, na vijana wamefundishwa kuwa mistari yenye nambari moja ni marudio, ifutwe. Lakini ukituma fedha, ada ya kutuma huandikwa katika mstari wake mbali, nayo hubeba nambari ile ile ya risiti. Ukifuta marudio kwa kutazama risiti, umefuta ada zote. Kipimo cha kulijua hili ni cha zamani, nacho hakijashindwa: salio la mwanzo, ongeza zilizoingia, toa zilizotoka, ulinganishe na salio la mwisho. Tuseme mwezi ulianza na Sh. 12,400, zikaingia 38,500, zikatoka 41,730. Salio lazima liwe 9,170. Programu ikikuambia 9,487, usiseme "karibu sawa." Tofauti ni 317, na ukizikusanya ada za mwezi ule utazikuta ni 317 zile zile. Tofauti ndogo mara nyingi ni mlango wa kosa kubwa. Mwenye kuipuuza mwezi wa kwanza hataweza kuitafuta mwezi wa kumi na mbili.

La pili ni Fuliza, iliyoanzishwa mwaka 2019. Mtu akilipa kitu na salio lake halitoshi, akakopeshwa, fedha zile za mkopo huonekana katika safu ya fedha zilizoingia. Programu haijui deni na chumo. Inajua kuingia na kutoka. Mwisho wa mwaka mtu aliyezama katika madeni huambiwa kuwa mapato yake yameongezeka, akafurahi, akaahidi mahari. Na akifariki, warithi huona mapato makubwa wakauliza fedha ziko wapi, na hali deni la maiti latakiwa litolewe kabla ya mirathi kugawanywa. Mistari hiyo itengwe kwa mkono kabla ya kuingizwa, ipewe mlango wake wa madeni. (Ama hukumu ya ada za mkopo huo, na riba iliyomo, tutaisema inshaallah katika toleo la mwezi ujao, kwa kuwa barua zilizotufikia juu yake ni nyingi.)

La tatu ni kinyume cha hilo. Fedha unazozitoa M-Pesa ukaziweka M-Shwari au benki huonekana kama zimetoka, na programu huzihesabu kuwa matumizi. Hukuzitumia, umezihamisha toka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Na mtu akihesabu zaka kwa karatasi hiyo, huziacha nje fedha zilizo zake na zilizotimiza mwaka.

Na kwa kuwa tumeitaja zaka, turudi kidogo katika tarehe. Tuseme haul yako ilitimia tarehe 10 Aprili 2025, na tarehe 5 Aprili ulilipwa deni lako la Sh. 60,000, nazo zikawa mkononi siku ya haul. Mashine iliyosoma 05/04 kuwa tarehe 4 Mei itaziweka nje ya siku hiyo, na Sh. 1,500 za maskini zitapotea pasina mtu yeyote kukusudia. Tena programu hizi hufuata mwaka wa jua. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, na mwenye kufunga hesabu ya zaka kila tarehe 10 Aprili, kila miaka 33 ya jua atakuwa amekula zaka ya mwaka mmoja, kwa kuwa miaka hiyo ni kama 34 ya mwezi. Wako wanavyuoni wa zama hizi waliowaruhusu wenye biashara kufuata mwaka wa jua kwa kutoa 2.577 kwa mia badala ya 2.5. Kwa hesabu ya nyumba twaona ni wepesi zaidi kuandika tarehe ya haul ya kila mwaka pembeni ya jedwali, na kuitafuta hiyo.

Iko na kazi nyingine ndogo ambayo watu huiona ya kitoto, nayo ni kuhesabu mistari. Jedwali lilikuwa na mistari 412. Je, programu imepokea 412? Huko Uingereza, mwishoni mwa Septemba na mwanzo wa Oktoba 2020, wakati wa maradhi ya Korona, majina ya wagonjwa yalikuwa yakihamishwa toka maabara kwenda serikalini kwa mafaili ya Excel ya namna ya zamani, yasiyobeba zaidi ya mistari 65,536. Faili likijaa, yanayozidi huachwa nje. Wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu za siku zile, na watu waliokuwa karibu nao walichelewa kutafutwa na kuonywa. Serikali nzima, yenye wataalamu wake, na kazi iliyokosekana ilikuwa ni kuhesabu mistari ya huku na mistari ya kule.

Mtu atauliza, ni nani wa kuyakagua yote haya? Jibu letu ni kuwa yafanywe na watu wawili. Wanakili wa vitabu vya Kiislamu hawakuwa wakimaliza kunakili kitabu wakakiuza. Walikuwa na kazi waiitayo muqabala, nakala ikasomwa mbele ya asili, mmoja akisoma na mwingine akifuata, na pambizoni wakatia alama ya mahali walipofikia. Fanyeni hivyo hivyo. Mmoja ashike daftari au taarifa ya asili, mwingine atazame jedwali, asomewe tarehe, kiasi na jina. Twapendelea mmoja wao awe mama wa nyumba, kwa sababu yeye hujua kuwa gesi haikununuliwa mara tatu katika wiki moja, jambo ambalo bwana hana habari nalo. Faili la asili lisiguswe. Kazi ifanywe katika nakala. Na kabla ya kuutia mwaka mzima, utiwe mwezi mmoja tu, salio lake likaguliwe, ndipo ifuatwe iliyobaki. Miezi iliyokwisha kutiwa isirudiwe, maana programu nyingine hutambua marudio na nyingine huyapokea yote.

Ama jamaa wa kile kisa, walikaa tena siku ya Ijumaa baada ya swala ya alasiri. Kijana mwenyewe ndiye aliyesoma daftari la ami yake kwa sauti, mstari kwa mstari, na jirani akaandika upya, mwaka mbele. Kodi nne zikaonekana mahali pake, na matengenezo ya Februari yakarudi. Kilichobaki kikakabidhiwa mbele ya mashahidi wawili, kama ilivyoagizwa katika aya ya 6 ya Suratun Nisaa. Kijana akaomba lile daftari la madoa ya kahawa akae nalo yeye. Ami akakubali, kwa sharti kuwa kwanza wende dukani wakatoe nakala.